Rangi nne juu ya ramani: Mchezo wa kompyuta usiotaka kubahatisha

MIONGONI mwa michezo ya kompyuta na simu iliyoingia majumbani mwetu, upo mmoja ambao mzazi akipita nyuma ya mwanawe anayeucheza atadhani mtoto anachora tu. Hakuna mbio za magari, hakuna bunduki, hakuna sarafu za kukusanya wala muziki wa makelele. Juu ya kioo kuna ramani ya nchi zisizokuwepo duniani, zimebanana kama vigae vilivyovunjika. Chache zimekwisha kupakwa rangi, nyingi ziko wazi. Kazi ya mchezaji ni kuzipaka zile zilizosalia. Rangi ni nne tu, na sharti ni moja: nchi mbili zinazopakana zisiwe na rangi moja.

Mchezo huo unaitwa Map, na umo katika mkusanyo wa mafumbo wa Simon Tatham, mtunzi wa programu za kompyuta wa Uingereza, ambaye alianza kuukusanya mwaka 2004. Hutolewa bure, hauna matangazo ya biashara, na ukishawekwa katika kompyuta au simu hauhitaji intaneti. Kwa mzazi anayeumizwa kichwa na michezo inayomdai mtoto fedha kila baada ya dakika tano, sifa hizo peke yake zinatosha kuutazama. Lakini makala hii haikuandikwa kwa ajili ya kuusifu ubure wake. Imeandikwa kwa sababu ndani ya mchezo huu mdogo limo jambo ambalo wengi wetu tunahangaika kuwafundisha watoto, nalo ni tofauti baina ya kudhani na kujua.

Tuanze na sharti lenyewe, maana wanaoanza hulikosea mahali pawili. Kwanza, nchi mbili zinazogusana kwenye ncha tu, kama miraba ya ubao wa drafti inavyogusana kwenye pembe, hazihesabiwi kuwa zinapakana, na zinaweza kuwa na rangi moja. Pili, na hili ndilo kubwa, kila ramani ya mchezo huu ina jawabu moja tu. Kompyuta huitunga ramani, ikaipaka yote, kisha ikafuta rangi nyingi na kuacha zile ambazo kutokana nazo jawabu jingine haliwezekani. Maana yake ni kwamba kila nchi iliyo wazi rangi yake imekwisha kuamuliwa. Mchezaji hachagui rangi, anaitafuta.

Mtoto asiyelielewa hilo hupaka kwa kubahatisha. Anaiona nchi ambayo inaweza kuwa ya kijani au ya njano, anaipa kijani kwa kuwa anaipenda, na anaendelea. Kwa dakika tatu mambo humwendea vizuri. Kisha anafika kwenye nchi iliyozungukwa na rangi zote nne, na hapo hana pa kwenda. Kosa halipo pale alipokwama. Lilifanyika nchi kumi nyuma, na juu yake amejenga mengine. Mchezo wenyewe huweka alama penye mpaka ambapo nchi mbili za rangi moja zimekutana, lakini hausemi ni ipi kati ya hizo mbili iliyokosewa. Watoto wengi hapa hufuta yote na kuanza upya, wakabahatisha tena.

Dawa yake ni kuwa na njia.

Njia ya kwanza ni nyepesi na hata mtoto wa darasa la tatu huishika. Usianzie penye uwazi mkubwa. Anzia pale rangi zilizotolewa zilipojazana. Itafute nchi ambayo majirani zake tayari wana rangi tatu tofauti. Nchi hiyo haina hiari, ni lazima ichukue rangi ya nne. Ukiipaka, nayo inakuwa jirani mwenye rangi kwa wengine, na mara nyingi hufungua ya pili, na ya pili ikafungua ya tatu. Nchi kubwa zenye majirani wengi zitazame kwa makini zaidi kuliko vijinchi vya pembezoni, kwa sababu rangi ya nchi kubwa ikijulikana inawapunguzia hiari majirani saba au wanane kwa mara moja.

Katika ramani za kiwango chepesi njia hiyo inatosha mwanzo hadi mwisho. Katika kiwango cha kawaida utafika mahali ambapo hakuna nchi hata moja yenye majirani wa rangi tatu, na ungali una nchi kumi na tano zilizo wazi. Hapo ndipo wanaobahatisha na wanaofikiri hutengana.

Asiyebahatisha huanza kuweka vitone. Mchezo unaruhusu kutia ndani ya nchi vitone vidogo vya rangi, si kwa kuipaka bali kwa kukumbuka: nchi hii bado inaweza kuwa buluu au njano. Anayecheza kwa kalamu na karatasi anaweza kuandika herufi ya kwanza ya kila rangi. Kazi hii inachosha, na watoto huichukia mwanzoni, kama wanavyochukia kuonyesha njia katika daftari la hesabu. Lakini bila hiyo kichwa hakiwezi kubeba hiari za nchi kumi na tano kwa pamoja.

Ili tuone vitone vinavyofanya kazi, tuiache ramani ya kubuni na tuichukue ramani tunayoijua. Chukua karatasi, ndugu msomaji, na kama watoto wako karibu waite. Chora, hata kwa vibaka tu, nchi kumi: Kenya, Uganda, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Burundi, Tanzania, Zambia, Malawi na Msumbiji. Ama mipaka iliyo ndani ya maziwa nayo ihesabiwe kuwa ni mipaka. Kwa hiyo Tanzania na Kongo zinapakana, kwani mpaka wao umo katikati ya Ziwa Tanganyika. Rangi zetu ni nyekundu, kijani, njano na buluu.

Tumepewa mbili za kuanzia: Uganda ni nyekundu, Tanzania ni kijani.

Itazame Rwanda. Inapakana na Uganda na Tanzania, kwa hiyo haiwezi kuwa nyekundu wala kijani. Imebakiwa na njano au buluu. Itie vitone viwili. Itazame Kongo. Nayo inapakana na Uganda na Tanzania, na nayo imebakiwa na njano au buluu. Hatujui Rwanda ni ipi kati ya hizo, wala Kongo ni ipi. Lakini tunajua jambo moja zaidi, kwamba Rwanda na Kongo zenyewe zinapakana. Basi haziwezi kufanana: moja ni njano na nyingine ni buluu, vyovyote iwavyo. Rangi hizo mbili zimekwisha kumilikiwa na jozi hiyo.

Sasa itazame Burundi. Inapakana na Rwanda, inapakana na Kongo, inapakana na Tanzania. Njano na buluu zimechukuliwa na wale wawili, ingawa hatujui nani kachukua ipi; kijani imechukuliwa na Tanzania. Burundi ni nyekundu.

Msomaji asiipite hatua hii haraka. Tumeijua rangi ya Burundi kwa yakini huku rangi za majirani zake wawili kati ya watatu bado hatuzijui. Hakuna tulichobahatisha. Mtoto anayeiona hoja hii kwa mara ya kwanza, akaielewa, uso wake hubadilika. Na ukitaka kumshangaza zaidi mwambie hivi: kwa hoja hiyo hiyo, katika ramani yoyote ya Afrika iliyopakwa kwa rangi nne tu bila nchi jirani kufanana, Burundi na Uganda lazima ziwe na rangi moja. Apekue atlasi zilizopo nyumbani. Akikuta zimetofautiana, basi mchoraji alitumia rangi ya tano au hakuuhesabu mpaka wa ziwani.

Tuendelee. Tunapewa ya tatu: Msumbiji ni nyekundu. Zambia inapakana na Tanzania na Msumbiji, kwa hiyo nayo imebakiwa na njano au buluu. Malawi inapakana na nchi hizo hizo mbili, nayo vilevile. Hebu zipange sasa: Rwanda, Kongo, Zambia, Malawi. Kila moja inapakana na inayoifuata, na kila moja ina hiari mbili zilezile. Huu ni mnyororo, na ndani ya mnyororo rangi hupishana kama zamu za walinzi. Rwanda ikiwa njano, Kongo ni buluu, Zambia njano, Malawi buluu. Rwanda ikiwa buluu, zote zinageuka. Hakuna uwezekano wa tatu. Rwanda na Zambia daima zitafanana, Kongo na Malawi daima zitafanana, na ncha mbili za mnyororo, yaani Rwanda na Malawi, kamwe hazitafanana.

Hapo mchezaji hodari hupata faida ambayo mwingine haioni. Nchi yoyote inayozigusa ncha zote mbili za mnyororo kama huu haiwezi kuwa njano wala buluu, maana ncha moja itakuwa na hii na nyingine itakuwa na ile. Katika ramani yetu nchi inayozigusa Rwanda na Malawi ni Tanzania, na Tanzania ni kijani, kwa hiyo hapa hatujapata jipya isipokuwa kuhakikisha kwamba hatujakosea. Lakini katika ramani ngumu za mchezo, hiyo ndiyo hoja inayofungua milango iliyogoma.

Sasa tunapewa ya nne na ya mwisho: Sudan Kusini ni njano. Inapakana na Kongo. Kongo basi si njano, ni buluu. Na Kongo ikiwa buluu mnyororo wote unafunguka: Rwanda ni njano, Zambia ni njano, Malawi ni buluu. Kenya, inayopakana na Uganda nyekundu, Tanzania kijani na Sudan Kusini njano, ni buluu. Kazi imekwisha. Nchi nne zimeamua rangi za nchi kumi, na rangi ya Sudan Kusini imeiamulia Malawi iliyo mbali kusini, ambayo haipakani nayo kwa hata hatua moja ya mguu.

Kwa nini nne?

Mtoto mwerevu atauliza: kwa nini rangi nne? Kwa nini zisitoshe tatu, na tunajuaje kwamba hakuna ramani inayotaka tano?

Nusu ya kwanza ya swali inajibiwa na Uganda. Majirani zake ni watano: Kenya, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda na Tanzania, na wameizunguka kama pete, kila mmoja akipakana na mwenzake wa pembeni. Jaribu kuipaka pete hiyo kwa rangi mbili za kupishana. Kenya ya kwanza, Sudan Kusini ya pili, Kongo ya kwanza, Rwanda ya pili. Imefika zamu ya Tanzania. Inapakana na Rwanda yenye ya pili, na inapakana na Kenya yenye ya kwanza. Lazima itafutiwe ya tatu. Na Uganda iliyo katikati, inayowagusa wote, lazima iwe na ya nne. Pete ikiwa na idadi shufwa rangi mbili hupishana hadi mwisho bila tatizo. Ikiwa na idadi witiri haiwezekani, itadai ya tatu. Mchezaji aliyezoea hutafuta kwa macho nchi zilizozungukwa na pete za witiri, kwa kuwa hapo ndipo rangi zote nne zinapotumika na hiari zinapokuwa finyu.

Nusu ya pili ya swali iliwasumbua wanazuoni wa hesabu kwa zaidi ya karne nzima.

Mwaka 1852 kijana mmoja wa Kiingereza, Francis Guthrie, alikuwa akiipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza, akagundua kwamba rangi nne zilimtosha. Akajiuliza kama zitatosha ramani yoyote. Nduguye Frederick alikuwa mwanafunzi wa Augustus De Morgan mjini London, akampelekea mwalimu wake swali hilo. De Morgan hakuweza kulijibu, na tarehe 23 Oktoba 1852 aliandika barua kwa mwanahesabu mashuhuri William Rowan Hamilton wa Dublin kumwelezea. Hamilton hakuvutiwa. Guthrie mwenyewe baadaye alihamia Afrika Kusini, akafundisha hesabu Graaff-Reinet kisha Cape Town, na huko akajulikana pia kwa elimu ya mimea. Amefariki mwaka 1899 swali lake likiwa bado halijajibiwa.

Nasema halijajibiwa, ingawa kwa miaka kumi na mmoja watu waliamini kwamba limejibiwa. Mwaka 1879 mwanasheria wa London aliyependa hesabu, Alfred Kempe, alichapisha uthibitisho. Wakubwa wa fani wakaukubali. Mwaka 1890 Percy Heawood wa Durham akaonyesha kwamba ndani yake mna ufa: mahali pamoja, Kempe alibadilisha rangi katika minyororo miwili kwa wakati mmoja, bila kuangalia kwamba mnyororo mmoja ukibadilishwa unaweza kuuvuruga mwingine. Heawood aliweza kuokoa sehemu ya kazi hiyo na kuthibitisha kwamba rangi tano zinatosha daima. Kuhusu nne, watu walirudi walipokuwa.

Hata hivyo njia ya Kempe haikufa, na anayepaka ramani kwa mkono itamfaa. Tuseme umekwama penye nchi iliyozungukwa na rangi zote nne, na hii ni ramani yako mwenyewe, isiyo na jawabu moja la lazima. Chagua jirani mmoja, tuseme ni mwekundu, na rangi nyingine, tuseme kijani. Fuata kutoka kwa jirani huyo nchi zote nyekundu na kijani zilizoungana naye, kisha zigeuze: nyekundu ziwe kijani, kijani ziwe nyekundu. Kama mnyororo huo haukumfikia jirani yako wa kijani, rangi nyekundu imeachwa wazi nawe umeokoka. Ukimfikia, jaribu jozi nyingine ya rangi. Ila kumbuka yaliyomfika Kempe: geuza mnyororo mmoja, utazame tena ramani yote, ndipo ufikirie wa pili.

Jawabu kamili lilipatikana mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walionyesha kwamba ramani zote, hata ziwe na nchi milioni, lazima ziwe na mojawapo ya maumbo yasiyofika 2,000, na kwamba kila umbo kati ya hayo halina madhara. Kuyakagua maumbo hayo kulichukua zaidi ya saa 1,000 za kompyuta. Watoto wao walishiriki katika kukagua marundo ya michoro. Wanahesabu wengi hawakufurahi: huu ni uthibitisho wa namna gani, ambao hakuna mwanadamu awezaye kuusoma wote na kusema nimeona kwa macho yangu? Mnamo 1997 wataalamu wengine wanne walichapisha uthibitisho wenye maumbo 633, nao pia wa kompyuta. Na mwaka 2005 Georges Gonthier aliuhakikisha kwa programu iliyotungwa mahususi kwa ajili ya kupima hoja hatua kwa hatua. Leo hakuna anayebisha kwamba nne zinatosha. Lakini hoja fupi, ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni ikaisha kabla ya kengele, hadi leo haijapatikana.

Kuna masharti madogo hapa ambayo atlasi huyaficha. Hukumu ya rangi nne inahusu nchi ambazo kila moja ni kipande kimoja kilichoungana. Angola ina sehemu yake iitwayo Cabinda iliyotengwa na ardhi ya Kongo, na nchi za vipande kama hizo zikiwa nyingi rangi nne zinaweza zisitoshe. Unguja na Pemba hazileti taabu, kwa kuwa zimezungukwa na bahari.

Kukaa na mtoto

Turudi kwenye kioo. Mchezo una viwango vinne. Cha kwanza chepesi, cha pili cha kawaida, ambacho hoja ya jozi ndiyo ufunguo wake. Cha tatu kigumu, kinachotaka minyororo. Cha nne mtunzi mwenyewe amekipa jina lenye maana ya kisicho na insafu, na kwa haki: ramani zake zinaweza kukulazimisha uchukue nchi yenye hiari mbili, udhanie mojawapo, ufuate matokeo mpaka ugonge ukuta, ndipo ujue kwamba ilikuwa ile nyingine. Kwa maoni yangu kiwango hicho kinaweza kuachwa. Kudhania huko si kubahatisha, maana anayedhania anajua kwamba anadhania na ameweka alama aliposimama; lakini mtoto ambaye bado hajaizoea njia ya jozi ataichukua kuwa ni ruhusa ya kubahatisha.

Mzazi asiyejua kompyuta naye ana kazi ya kufanya hapa, na pengine ndiye anayeifanya vizuri zaidi. Kazi yenyewe ni swali moja. Mtoto akipaka nchi, muulize: umejuaje? Usimwambie amepata au amekosa. Akijibu, hii inagusana na nyekundu, njano na buluu, hiyo ni hoja. Akijibu, hizi mbili zimechukua njano na buluu baina yao, hiyo ni hoja nzuri zaidi. Akijibu, naona tu inafaa, basi aifute. Baada ya ramani tano au sita hutahitaji kuuliza, utamsikia akijiuliza mwenyewe kwa sauti ndogo. Bibi asiyeona vizuri kioo cha simu anaweza kuketi pembeni na kuuliza swali hilo hilo, halihitaji macho.

Kuna kishawishi kimoja ndani ya mchezo. Kipo kitufe ambacho ukikibonyeza ramani hujipaka yenyewe yote. Kukibonyeza si dhambi ya mchezo, lakini mtoto hajifunzi chochote kwa kuona ramani iliyokamilika, kwa sababu rangi zilizokamilika hazionyeshi njia iliyopitwa. Afadhali aiache ramani nusu, afunge simu, arudi kesho. Ramani haikimbii, wala hakuna saa inayomhesabia. Na hilo humrahisishia mzazi kumwita mtoto mezani au adhana inapoita: hakuna pambano ambalo atalipoteza kwa kuondoka.

Jambo jingine, na hili ni la afya. Wako watoto, wavulana zaidi kuliko wasichana, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Wengi hukua bila mtu kujua, nao wenyewe hawajui, kwa kuwa hawajapata kuona vingine. Shuleni wanaonekana wazembe pale mwalimu anaposema tazameni mstari mwekundu. Rangi za mchezo huu zimefifia, zinafanana na za udongo na majani makavu, na mtoto wa namna hiyo atapaka nchi mbili jirani rangi tofauti akiamini zimefanana, au zilizofanana akiamini ni tofauti, na atafanya hivyo kila siku kwa rangi zilezile. Ukiona kosa linajirudia kwa namna hiyo, usimkemee. Mpeleke kwa mtaalamu wa macho apimwe. Kipimo ni chepesi na hakina maumivu. Wakati huo huo mchezo hauna sababu ya kumpita: chora ramani kwenye karatasi na tumia namba 1 hadi 4 badala ya rangi. Hoja zote tulizoziona zinabaki vilevile, kwa sababu hazikuwa juu ya rangi tangu mwanzo, zilikuwa juu ya nani anapakana na nani.

Ndiyo maana elimu hii imetoka nje ya ramani. Mwalimu mkuu anayepanga ratiba ya mitihani anacheza mchezo huu huu bila kuuita mchezo. Kila somo ni nchi. Masomo mawili yenye mwanafunzi hata mmoja anayeyafanya yote mawili yanapakana. Vipindi vya mtihani ndio rangi. Jozi, minyororo na pete za witiri hufanya kazi ileile, ila hapa rangi zinaweza kuhitajika zaidi ya nne, kwa kuwa masomo hayakulazwa bapa juu ya karatasi kama nchi. Somo moja linaweza kupakana na lolote. Madrasa yenye walimu watatu, vyumba viwili na wanafunzi wa rika tano inaweza kupanga ratiba yake ya juma kwa penseli na vitone, na kijana wa miaka kumi na nne aliyeuzoea mchezo anaweza kukabidhiwa kazi hiyo.

Kwa watoto watakaoifanya ramani yetu ya nchi kumi mpaka mwisho, tumeziacha makusudi Ethiopia na Somalia. Ziongezeni kaskazini. Ethiopia inapakana na Kenya, Sudan Kusini na Somalia. Somalia inapakana na Kenya na Ethiopia. Somalia ni kijani. Ethiopia je, na umejuaje?